Uliponiuliza Kuhusu Chuo cha Matangazo

Koleta mwanangu,

Salamu tumepeana asubuhi, na kesho tutapeana tena pale stendi, kwa hiyo hapa naziruka. Wewe na mama yako mmekwenda Kizwite kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi, hamtaachiwa kurudi kabla hamjala. Nyumba iko kimya. Nimekaa mezani upande wa dirisha kwa sababu jua bado linaingia na upepo wa leo unapenya kila mahali.

Mambo ya safari mama yako ameshakuambia, mengine mara mbili. Sweta, chakula cha njiani, kuchaji simu, kutomwachia mtu begi lako basi likisimama Mbeya. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninaandika kwa sababu Jumapili tukitoka misani uliniuliza, "Baba, niende chuo au niende kazini?" nami nikakujibu kwamba tutaongea. Hatujaongea. Wiki nzima nimejifanya nina mabango mengi ya kumaliza, na wewe ukaelewa, hukuniuliza tena.

Kwenye begi lako una barua mbili. Moja ni ya chuo cha Dar, kozi ya mwaka mmoja ya matangazo, masomo ya kutwa. Nyingine ni ya kampuni ya matangazo yenye watu saba, inayotaka uanze kuwaandikia mara tu ukifika. Zote mbili hazikungoji, na huwezi kushika zote. Habari ya ada nimezungumza na mama yako, imekwisha, usiifanye kuwa sababu ya upande wowote. Unapanda basi kesho bila kuamua, na sehemu ya kosa hilo ni yangu.

Nianze na la miaka miwili iliyopita. Ulikuja na fomu ya chuo hichohicho, nami nikakwambia kwamba chuo cha matangazo ni cha watu wasiojua kuandika. Ulicheka, ukaikunja ile fomu, ukaendelea na kazi yako redioni. Nilisema vile kama mtu mwenye uzoefu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuona akilini ukirudi baada ya mwaka, ukisimama mbele ya bango langu pale sokoni, ukijua kasoro yake kabla mimi sijaijua. Hilo tu. Hukustahili jibu lile na naomba unisamehe.

Sasa nikueleze kwa nini mtu kama mimi anaogopa chuo. Kuna mambo ambayo mama yako anayajua na wewe hujawahi kuambiwa.

Unajua kwamba nilianza kwa kupaka maneno kwenye kuta za maduka. Nilikuwa na mkono mzuri na nilikuwa na maneno. Mwenye duka akisema andika "Duka la Vifaa vya Ujenzi", mimi naandika hivyo, halafu chini naongeza kitu changu kidogo, watu wanasimama wanasoma. Redio ilipofunguliwa hapa mjini, meneja wake aliyaona maandishi yangu ukutani akaja kunitafuta. Nikawa mwandishi wa matangazo. Hapakuwa na mwingine Sumbawanga nzima, na jambo hilo lilinipanda kichwani.

Mwaka wa pili, meneja akapata nafasi moja ya kumpeleka mtu Dar kusoma mwaka mmoja. Akaniita mimi kwanza. Nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba naandika matangazo kila siku, nikajifunze nini? Kama kuna mwalimu wa kunifundisha na aje hapa, nimwonyeshe. Watu walicheka, na mimi nilifurahi kuchekewa vile. Nafasi akapewa Deus, huyuhuyu Baba Pendo wa Laela unayemfahamu, ambaye wakati ule alikuwa anatunza kanda na kusoma vifo na misiba hewani.

Deus akaenda. Nilikuwa peke yangu mezani mwezi wa kumi mwaka ule, alipokuja mfanyabiashara wa pembejeo na pakiti ya mbegu mpya ya mahindi. Alisema anataka watu waje dukani, basi. Aliacha pakiti mezani na kuondoka. Niliandika tangazo lile kabla chai yangu haijapoa. Maneno yake ya mwisho yalikuwa, "Mbegu moja, Rukwa nzima." Nililisoma kwa sauti, nikalipenda. Meneja akalipenda. Watoto wakaliimba njiani. Wewe mwenyewe ulikuwa na miaka minne na ulikuwa unaliimba ukiruka kamba uani.

Nyuma ya ile pakiti paliandikwa kwa herufi ndogo kwamba mbegu ni ya maeneo ya juu yenye baridi na mvua ndefu. Pakiti ilikaa mezani kwangu siku tatu. Sikuigeuza.

Baada ya mavuno ikaja barua redioni kutoka Ilemba. Mwalimu mmoja aliiandika kwa niaba ya wakulima kumi na mmoja. Haikuwa na matusi. Waliomba tu yule aliyetunga tangazo la mbegu ashuke akaone. Meneja aliichukulia kama mzaha, akanituma, nadhani ili tuwaridhishe. Nikapanda lori la mizigo alfajiri nikiwa na koti na sweta, kama tunavyovaa huku mwezi wa sita.

Lori lilipoanza kushuka ukingo wa milima kwenda bondeni, nikavua koti. Tulipofika katikati ya mteremko nikavua sweta. Chini kabisa nilikuwa nimekunja mikono ya shati na jasho linanitoka. Hapo, kabla sijazungumza na mkulima hata mmoja, nikajua nimefanya nini. Ile haikuwa nchi ya baridi wala ya mvua ndefu. Mtoto wa darasa la tatu angeliona hilo, lakini ilibidi awe amefika.

Mwalimu alinipeleka kwa mzee mmoja aitwaye Masanja. Ni Msukuma, alihamia kule na ng'ombe wake miaka mingi kabla, akawa analima mahindi mengi kwa plau kuliko wenyeji wengi. Nilimwamkia. Aliitikia, akanipa kigoda, akaketi mbele yangu.

"Ni wewe uliyetunga yale maneno?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulishawahi kufika huku?"

"Hapana. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Akaangalia viatu vyangu kwa muda. "Sasa hiyo Rukwa nzima uliijuaje?"

Nilianza kumwambia kwamba mfanyabiashara ndiye aliyeleta mbegu, mimi kazi yangu ni kuandika. Nilisikia aibu kabla sijamaliza sentensi. Masanja hakunisaidia kuimaliza. Aliinuka akanipeleka shambani.

Mabua yalikuwa bado yamesimama, marefu kuliko mimi, mazuri. Mvua ya kule ilikatika wakati mahindi ndiyo kwanza yanaanza kubeba. Alivunja hindi moja akanipa. Lilikuwa kama kidole gumba, na punje zilikuwa chache, nyingine hazipo. Alikuwa amepanda shamba lote kwa mbegu ile, kwa sababu aliisikia redioni na redio haijawahi kumdanganya kuhusu misiba wala mikutano. Ili watu wake wapate chakula, aliuza ng'ombe wawili waliozoea plau. Kwa hiyo msimu uliofuata wangelima kwa jembe la mkono, yeye na mkewe, na binti yao aliyekuwa kidato cha pili. Binti huyo alikaa nyumbani mwaka ule. Ndiye aliyetuletea maji ya kunywa. Nilimuuliza jina, sikumuuliza kingine. Sijui kama alirudi shule. Nilipaswa kujua, na miaka yote hii sijashuka tena kuuliza.

Ungedhani nilirudi mjini nikarekebisha. Hapana. Nilimweleza meneja, akasema msimu umepita, tuache, na yule mfanyabiashara ndiye mteja wetu mkubwa. Nikaacha. Mwezi wa kumi ukafika, na tangazo likarudi hewani kama lilivyo, kwa maneno yangu, mara nne kwa siku. Nilinyamaza wiki tatu, Koleta. Nilikuwa na wewe na mdogo wako, nilikuwa na kazi ya mezani, na nilijiambia kwamba watu wa bondeni sasa wameshajua. Jioni moja ukawa unaimba yale maneno wakati tunakula. Mama yako alikuwa ameshasikia habari yote ya Ilemba kutoka kwangu. Alikuongezea mchuzi kwenye sahani, akaniangalia, akaendelea kula.

Kesho yake niliingia studio mapema nikarekodi upya bila kumwambia mtu. Niliondoa yale maneno mawili, "Rukwa nzima". Nikasema mbegu hii ni ya watu wa juu, kuanzia Sumbawanga mjini hadi Laela, na watu wa bondeni, Ilemba na majirani zake, mbegu hii si yenu, msiipande. Ilisikika mara mbili. Saa sita mchana yule mfanyabiashara alikuwa ofisini, na saa tisa mimi nilikuwa nje ya ofisi.

Wewe hukumbuki miezi ile. Unachokumbuka, umewahi kuniambia, ni kwamba kuna mwaka tulikula samaki sana. Ndio huo. Mama yako alikuwa anashuka Kasanga kuchukua samaki wakavu na kuwauza hapa sokoni, na wasionunuliwa tulikula sisi. Mimi nilirudi kwenye kuta na brashi. Mezani kwangu redioni akakaa Deus, aliyekuwa amerudi kutoka chuo wiki chache kabla.

Nilimngojea Deus akosee, sitakuficha. Na alikosea. Tangazo lake la kwanza lilikuwa la muuza mablanketi. Aliandika kwa lugha ya vijana wa mjini, mshikaji huku, poa kule, na muziki wa haraka. Mwenye duka akakaa wiki mbili hajapata mteja mpya. Anayenunua blanketi hapa kwetu ni mama au bibi, na anataka aamkiwe kwanza. Nililisikia lile tangazo nikiwa juu ya ngazi napaka ukuta, nikacheka peke yangu. Nikasema, hicho ndicho chuo.

Lakini tazama alichofanya. Alikwenda kwenye lile duka akakaa siku mbili juu ya gunia, bila aibu, anaangalia nani anaingia. Akaona wanaonunua ni wazazi ambao mtoto anakwenda shule ya bweni, na wanachouliza ni kama rangi itachuja ikifuliwa. Akaandika upya, kwa sauti ya mama mmoja anayefunga begi la mtoto. Mablanketi yakaisha. Mimi katika miaka yangu yote sikuwa nimekaa dukani kwa mteja hata saa moja. Nilikuwa naandika kutoka kichwani, na kwa kuwa watu walinisifu, nilidhani kichwa kinatosha.

Nilimfuata Deus nikamuuliza kule chuoni walimfundisha nini. Nilitaka orodha, nadhani. Akaniambia, "Mengi nimeyasahau, kaka. Kulikuwa na mwalimu mmoja anakata kila mstari wangu na kuandika pembeni, umejuaje? Nilimchukia hadi mwezi wa nne."

Ni Deus huyohuyo aliyezungumza na meneja mpya, nikarudishwa kazini mwaka uliofuata. Kuanzia hapo tulikuwa tunasomeana. Hakuna tangazo langu lililotoka bila yeye kulisoma, na lake bila mimi. Tuligombana sana. Ndiyo miaka niliyoandika vizuri kuliko yote. Baadaye alichoka na kazi hii akaenda Laela kununua mahindi, na nadhani amefurahi zaidi kule. Kwa hiyo chuo hakikumfanya abaki kwenye matangazo, na mimi nisiyesoma ndiye niliyebaki. Sijui ufanye nini na habari hiyo, lakini ni kweli.

Nirudi kwako. Wewe una kitu ambacho mimi umri wako sikuwa nacho. Yule fundi wa sare za shule, ulikwenda kukaa kwake hadi ukaona kina mama wanavuta mshono wa begani kabla ya kuuliza bei. Ukaandika, "Njoo uvute mshono." Maneno matatu. Nilikaa na redio mkononi nikasema, huyu ameshanipita. Sikukwambia. Nakwambia sasa. Lakini tahadhari na sifa hizi, hata za kwangu. Mimi pia nilisifiwa, nikaacha pakiti mezani siku tatu bila kuigeuza.

Wiki hii, wakati unadhani napaka mabango, nilipiga simu kadhaa. Nilimpigia Deus. Anasema yule mwalimu aliyemkata mistari alistaafu zamani, na hamjui aliyeko sasa. Nilimpigia pia yule rafiki yako aliyemaliza kozi hiyo mwaka jana. Alinijibu vizuri, akanivumilia. Anasema darasa lao lilikuwa kubwa, kazi zilikuwa zinarudi na alama juu na mara nyingi bila neno lolote pembeni. Anasema alipata marafiki ambao sasa wako kwenye ofisi za maana, alipata cheti, alijifunza namna kampeni kubwa inavyopangwa na namna ya kupima kama tangazo limefanya kazi. Hayo siyadharau. Mengi kati ya hayo mimi siyajui hadi leo, na wewe huyajui.

Kisha nikazitafuta zile karatasi za majaribio za kampuni, ulizozitupa juu ya kabati kwa hasira. Ulisema yule mama mwenye kampuni anakudharau. Ulikuwa umeandika mistari tisa ya kutangaza taa ya sola, na alikuwa amekata sita. Nilivaa miwani nikasoma alichoandika pembeni. Pale uliposema taa inawaka usiku kucha ameuliza, "Umeiwasha mwenyewe hadi asubuhi?" Pale ulipoweka mama wa kijijini anayefurahi ameuliza, "Huyu mama ana jina? Anafanya nini taa ikiwaka?" Na chini kabisa, kwenye mstari ulioupenda kuliko yote, ameandika tu, "Nani kakwambia?"

Mtu anayekudharau hapotezi wino wake hivyo. Angekuandikia asante, tutakupigia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nenda kazini kwa yule mama. Sisemi hivyo kwa sababu chuo hakina maana. Mimi nilikikataa kwa majivuno, na mzee mmoja wa Ilemba aliuza ng'ombe wake wa plau. Ningekwenda chuo mwaka ule ningekutana na mwalimu wa Deus, na hapa Sumbawanga hapakuwa na mtu mwingine wa kuniuliza swali lile. Wewe umeshampata wa kukuuliza, na anakulipa mshahara. Chuoni unaweza kumpata mwingine, au usimpate, na ninavyosikia sasa ni vigumu.

Hatari zipo na nimeziona. Kampuni ya watu saba inaweza kufungwa. Yule mama anaweza kuchoka, au kukuzoea. Dar watakuuliza cheti na hutakuwa nacho, na kuna milango itakayofungwa kwa sababu hiyo. Ukipita muda mrefu hakuna anayekata mstari wako hata mmoja, usifurahi. Hapo ondoka ukasome, chuo hiki au kingine, hata ukiwa na watoto, hata ukiwa umri wangu. Usifanye kama mimi ukajiambia kwamba umeshapita wakati wa kukaa darasani.

Na ukikutana na kitu usichokijua, nenda ukione, hata kama kiko mbali na tangazo linatakiwa kesho. Mteja akikataa kungoja, ni afadhali ukasirikiwe.

Nimesema ninavyoona mimi. Uamuzi ni wako na utaufanya ukiwa njiani, labda baada ya Tunduma, ukiwa umechoka na maneno yangu. Ukiamua chuo, nenda chuo kwa moyo wote, na nitakusindikiza kwa simu kila wiki. Ukienda kazini kisha ukaona nilikuelekeza vibaya, usinifiche kwa kunihurumia. Nipigie, uniambie nimekosea wapi. Nitakasirika kidogo, halafu nitakusikiliza.

Baba yako